Kizazi kilichoshuka na mazoezi ya misuli ya nyonga

Wanawake wenzangu wa Malindi, jambo hili hunong'onwa tu, hata baina ya mtu na wifi yake, nami nimeona heri nilieleze wazi. Nilikuwa nikihisi uzito sehemu za chini kila niliposimama kukaanga mahamri au kuinua ndoo ya maji. Nilipopimwa niliambiwa kizazi kimeshuka kidogo, kwa kuwa misuli inayokishikilia hulegea kwa uzazi, umri na mizigo mizito.

Mtaalamu wa fiziotherapia, binti mpole aliyeniita bibi, alinifundisha kubana misuli ile ile ambayo mtu huibana anapozuia mkojo na upepo, kuivuta ndani na juu, kuishikilia sekunde chache huku nikipumua kama kawaida, kisha kuilegeza kabisa, mapaja na makalio yakiwa yametulia. Hufanywa mara 3 kwa siku, na muda wa kubana huongezwa taratibu hadi sekunde 10. Mimi huyafanya nikiwa bado juu ya msala baada ya uradi, na hakuna anayejua.

Nafuu huchukua miezi kadhaa. Uzito umepungua, na mkojo haunitoki tena nikikohoa, ingawa kizazi hakijarudi mahali pake, wala sikuahidiwa hivyo. Kilichotoka nje kabisa kwa kawaida huhitaji pete ya kukishikilia au upasuaji. Anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma aende hospitali upesi, maana hilo si la mazoezi.