Tatu bila kwa betri ya ami

Adapta ya PlayStation 2 iliungua wiki ya mwisho ya Disemba 2009, na aliyeiunguza ni mimi.

Tangu tarehe 10 ya mwezi ule Unguja nzima ilikuwa gizani. Waya wa baharini uliokuwa ukileta umeme kutoka Bara uliharibika kule Fumba, na hatukuona taa mpaka Machi. Mwezi mzima wa namna hiyo tulishauonja mwaka 2008, kwa hiyo mwenye uwezo alikuwa na jenereta yake tayari. Chumba chetu cha gemu, Mwembetanga, kilikuwa na kile kijenereta kidogo cha kuvuta kamba: wati 650, tangi la lita 4, petroli ya kuchanganya na oili moja kwa hamsini. Lita 4 za petroli zinataka mililita 80 za oili. Tulipima kwa kikombe cha dawa ya kikohozi, kile cha plastiki chenye mistari, vikombe vinane vya mililita 10. Ukipunguza oili pistoni inakwaruza silinda. Ukizidisha, plagi inajaa masizi na utavuta kamba mpaka bega lilie.

Kosa lilikuwa hivi. Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwa anachangia petroli na sisi tunampa waya mmoja. Siku hiyo akachomeka pasi. Pasi peke yake wati 1,000, jenereta ina 650. Taa ikawa kama kaa la moto, picha kwenye TV ikanywea. Mimi nikaona dawa ni kukaza skrubu ya gavana, ile inayoshika kasi ya injini, mashine izunguke kwa kasi zaidi. Volti zikapanda, taa ikang'aa, vijana wakanipigia makofi. Kisha jamaa akamaliza kanzu yake, akachomoa pasi.

Jenereta ikilemewa halafu mzigo ukatoka ghafla, inaruka juu kama mtu aliyetuliwa gunia. Baadaye tulipoijaribu bila kitu chochote, mita ilisoma volti 300. Ndani ya adapta umeme unageuzwa kuwa wa njia moja, na kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, inajazwa mpaka kilele cha wimbi, yaani volti zako mara 1.41. Kwa 230 unapata 325, hakuna neno. Kwa 300 unapata 423, na kapasita yenyewe imeandikwa ubavuni 400. Ilipasuka kama fataki. TV ya rangi ikaifuata.

Bahati yetu deki, yaani hiyo PS2, ilikuwa ile nyembamba. PS2 ya mwanzo, ile nene iliyotoka Japani mwaka 2000, ina mtambo wake wa umeme tumboni. Ukipiga shoti humo hujui itakuwa imekula nini kingine. Nyembamba ya 2004 inalishwa na adapta ya nje inayotoa volti 8.5 za DC, basi adapta ikafa yenyewe na mashine ikabaki nzima. (Nyembamba za mwisho, zenye namba SCPH-90000, wameurudisha mtambo ndani. Ukinunua mtumba igeuze nyuma kwanza uone tundu lake la waya.)

Nikaipeleka adapta kwa fundi redio wangu, Mlandege. Akaifungua, akainusa, akaiweka kando.

"Hii maiti, mwanangu. Lakini deki yako inataka 8.5 tu. Betri ya gari ina 12. Kwani jenereta ya nini?"

Mpaka siku ile sikuwa nimeifikiria hivyo. Tulikuwa tunaunguza petroli kutengeneza 230, kisha adapta inazishusha mpaka 8.5, wakati pick-up ya ami imesimama barazani na 12 zake.

Alichotengeneza kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Transista ya 2N3055, ile ya chuma kama kofia, ndiyo inayobeba mzigo. Nyuma yake BD139, transista ndogo ya kuisukuma. Mbele ya BD139 zena ya volti 10, diodi inayozuia volti zisipande, na rezista ya omu 220. Hesabu yake ni nyepesi: zena inashikilia 10, transista mbili zinakula kama volti moja na nusu kati yao, unabaki na 8.5. Zile volti karibu nne zilizobaki hazipotei bure, zinageuka joto. Deki ikicheza inavuta ampea 2 na nusu hivi, mara volti 4, basi una wati 10 zinazochemka kwenye kofia moja ya chuma. Kwa hiyo lazima ikae juu ya bati nene la alumini lenye mapezi, na hapo ndipo wengi huharibu. Ile kofia yenyewe ndiyo mguu wa chanya. Bila karatasi ya maika kati yake na bati, bati zima lina umeme, na likigusa bodi ya gari tu ni cheche. Fundi akaweka maika, akapaka mafuta meupe ya kupitishia joto pande zote mbili, akaweka na vishikizo vya plastiki kwenye skrubu, maana skrubu nazo hupitisha.

Hakuniruhusu kuchomeka deki mpaka tujaribu kwa taa ya breki, wati 21. Mita ilisoma 8.7 bila mzigo, 8.5 taa ikiwaka. Waya tuliukata kwenye adapta iliyokufa, chanya ni ya katikati, mchoro uko kwenye lebo. Halafu akanipa onyo ambalo nilikuwa sitaki kulisikia: 2N3055 ikiungua mara nyingi huungana ndani kwa ndani, na volti 12 zote zinapita mpaka kwenye deki. Fyuzi haitakusaidia kwa hilo. "Weka kidole kwenye bati. Ukishindwa kuhesabu mpaka tano, zima upumzishe."

TV tuliipata kwa jirani, nyeusi na nyeupe ya inchi 14, yenye tundu la volti 12 na AV nyuma. Plagi ya njano kwenye picha, nyeupe kwenye sauti, nyekundu ikaning'inia. Diski yetu ya PES 2010, gemu ya mpira, ilikuwa ya mfumo wa Marekani, picha ikawa inapanda juu kama pazia. Ukizungusha kile kitufe cha V-HOLD nyuma inatulia.

Hivyo usiku wa Jumatatu tarehe 11 Januari 2010, mkesha wa Mapinduzi, tukaweka ligi. Ami alikubali kutoa betri, N70, kwa sharti irudi kwenye gari kabla ya saa 12 asubuhi. Tulianza saa 2 usiku baada ya Isha, vijana wamejaa mpaka barazani, kandili moja, na jana yake wote walikuwa wamesikiliza kwenye redio Angola wakiongoza 4 bila dhidi ya Mali mpaka dakika ya 79, mpira ukaisha 4 kwa 4. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anakubali kufungwa.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa jezi. TV isiyo na rangi haizitazami rangi sawasawa: kijani kinatoa mwanga mwingi kuliko vyote, nyekundu nusu yake, buluu kidogo sana. Njano ni nyekundu na kijani pamoja, kwa hiyo inaonekana karibu na nyeupe. Sasa yule aliyezoea Manchester United, na mwenzake anayechukua London FC (ndivyo Chelsea walivyoitwa kwenye PES), wakaingia uwanjani, na tukaona watu ishirini na wawili wa kijivu kimoja wakikimbia kwenye majani ya kijivu. Mmoja alipiga pasi tatu safi kwa adui. Tukatunga sheria papo hapo: mmoja avae nyeupe au njano, mwengine rangi nzito, na mgeni ndiye anayebadilisha. Brazil wakawa na wateja kuliko siku zote. Kadi nazo zilitutoa jasho. Refa akiinua kadi, ukiona cheupe ni ya njano, ukiona kama kipande cha giza, yakhe, toka nje.

Mimi sikucheza sana. Nilikuwa na kidole kwenye bati, na memori kadi mfukoni. Niliichomoa makusudi, maana umeme ukikatika mashine inaandika kwenye kadi, ligi ya mtu ya miezi sita inakwenda na maji, na sikutaka kulala na kesi hiyo.

Hesabu nilizopiga zilikuwa za kitabuni. Deki ampea 2 na nusu, TV 1 na nusu, jumla 4. Betri ya ampea-saa 70, ukitumia nusu tu unapata saa 8 na zaidi. Sikuhesabu umri wake. Kama ningekopa kile kipima maji ya betri nikatazama chumba kimoja kimoja, ningeona mapema nilichokiona kesho yake: vyumba vitano vinasoma kama 1.20, cha sita 1.10. Chumba kimoja kikichoka, betri nzima inakwenda kwa mwendo wake.

Fainali ilianza saa 6 na robo. Mmoja njano, mwengine buluu. Wa njano akaweka mbili kipindi cha kwanza, la tatu mara baada ya mapumziko, na ndipo nilipoona weusi mwembamba pembeni ya kioo. Picha ilikuwa inanywea. TV ya betri ndiyo inayokwambia kwanza. Volti zikishuka picha inakuwa ndogo kabla ya kitu kingine. Nikapaza sauti wapunguze marudio ya goli, maana kila diski inapotafutwa upya mota inavuta zaidi. Nani asikilize? Mfungaji alikuwa anarudia goli lake kwa mara ya tatu, pole pole, pembe zote. Diski ikaguna, taa ya kijani ikapepesa, chumba kikabaki na kandili.

Kelele zilizofuata zilisikika Michenzani. Wa buluu anadai mechi imevunjika irudiwe, akitaja Mali. Wa njano anataka pesa zake. Tulibishana mpaka kahawa ikaisha kwenye dele, hatukufika popote, nikaibeba betri kichwani nikairudisha kwenye pick-up saa 8 usiku, nikakaza vichwa vyake vizuri kana kwamba hilo litasaidia.

Asubuhi ya Mapinduzi ami akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo. Gari ikatoa mlio mmoja mdogo, *tik*. Akageuza tena. *Tik*. Akatugeukia, mimi na wale wawili wa fainali tuliokuwa barazani na macho mekundu.

"Ngapi ngapi?"

"Tatu bila, ami," akasema wa njano.

"Haikwisha," akasema wa buluu.

Ami akaingiza gia ya pili, akakanyaga klachi. "Haya, nyuma huko. Wote watatu."