Siku nilipoona mshipa wa Popi kwenye picha

2016 tulikua tunakaa Ngong, mbwa wetu Popi akaanza kitu kama kutapika, lakini sio kutapika haswa, yaani anakula ugali na matumbo ya kuku, dakika tano haziishi ashaurudisha wote vile ulivyo, kisha anaurudia. Daktari wa kwanza alipima kinyesi, hakuona kitu, akampa tembe za minyoo. Mwezi ukaisha, mbavu zinahesabika.

Nikampeleka kliniki nyingine mjini, kwa mama mmoja asiyeongea mengi, akasema tupige eksirei ya kifua. Nikavalishwa ile aproni ya madini ya risasi ya kuzuia miale, nzito kama gunia lililonyeshewa, nikamshika miguu ya mbele amelala ubavu, mkia unapiga meza tap tap tap. Tukangoja avute pumzi mapafu yajae ndo daktari akabonyeza.

Kwenye picha, nyuma ya moyo, mahali pangekua peusi tupu kwa sababu ya hewa, kulikua na kivuli cheupe kama yai. Chini ya pingili za mgongo mifupa ilikua imetoa vijipembe. Halafu akamlaza chali akapiga nyingine, na hapo ndo nikaona ukingo wa aota, ule mshipa mkuu wa kutoka moyoni, umetoa nundu kama tairi ya baiskeli inayotaka kupasuka.

"Huyu anakula vile vidudu vyeusi vya mavi ya ng'ombe?"

Nikacheka, maana nyumbani huo ndo ulikua mchezo wake, tulikua hata tunamshangilia.

Yeye hakucheka. Akasema kuna mnyoo unaitwa Spirocerca lupi, mbwa akimeza huyo mdudu, viluwiluwi vya mnyoo vilivyo ndani yake vinatoboa tumbo, vinapanda kwa kuta za mishipa mpaka aota, vinakaa humo kama miezi mitatu vikiharibu ukuta ndo vihamie kwa umio, ile njia ya chakula ya kwenda tumboni, na kujenga uvimbe. Mayai yasipoonekana kwa kinyesi haimaanishi hayupo. Hata kuku wa kienyeji anaweza kuubeba, na mimi na matumbo yangu!

Akadungwa doramektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, turudi baada ya wiki mbili. "Uvimbe unaweza kupungua, lakini huo mshipa haurudi vile ulikua. Unaweza kupasuka siku yoyote, kwa hivyo asikimbizwe."

Tulipofika nyumbani ng'ombe wa jirani walikua wamepita langoni. Nilifungua mlango wa gari, kabla sijaishika kamba Popi ashafika kwa mavi, nikasikia tu krrp.