Safari ya Ganda, kwa Mfuga Funza

Ukishapita Mida ukielekea Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuandama mkono wa kushoto mpaka Gede. Mama wa Kigiriama niliyekaa naye kwenye matatu aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Ganda, kwa kijana anayefuga funza wa unga, wadudu wa kuliwa.

"Ala! Mbona sisi tunafuga viwavi miaka yote, mwanangu."

Si uongo. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede hununua pupa za vipepeo, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuota mbawa, kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuzipeleka ng'ambo kwenye mabanda ya maonyesho. Nia ilikuwa msitu uwape wenyeji riziki wasiukate. Kwa hiyo mdudu kuwa mfugo si ajabu njia hii. Hata kumla si ajabu: mvua ikinyesha, bara ya Malindi kumbikumbi hukaangwa.

Malindi sikukaa. Nilipanda bodaboda juani hadi Ganda.

Kijana amepanga mabeseni ya plastiki juu ya meza, chini ya paa la makuti. Miguu ya meza imetumbukizwa ndani ya mikebe ya maji, sisimizi wasipande. Funza wenyewe hawatoroki, kwani plastiki laini hawaiwezi. Wanaishi ndani ya pumba za ngano, ndizo kitanda na ndizo chakula. Maji hawapewi, hupata unyevu kwenye vipande vya karoti, na kipande kikianza kuota ukungu huondolewa upesi. Mbawakavu, yaani funza waliokomaa na kuwa wazazi, wako beseni la peke yao, la sivyo watakula mayai yao. Kutoka yai hadi funza wa kuvuna ni miezi miwili mitatu hivi. Adui yake mkubwa ni joto: wanastawi kwenye nyuzi 25 hadi 28, na Malindi ya Machi haina huruma hiyo. Ndiyo maana makuti, si mabati.

Waliokuwa wa kupikwa walikuwa wameshinda njaa tangu jana ili matumbo yasafike. Aliwachemsha kidogo, akawakausha kwenye kikaango, chumvi, pilipili, ndimu. Walivunjika mdomoni kama bisi, na ladha yake iko karibu na njugu. Mtu anayewashwa akila kamba asiwaguse, protini inayomdhuru inafanana.

Kijana anajivunia kwamba Ulaya iliruhusu funza hawa waliokaushwa kuliwa na watu mwaka 2021, na kwamba karibu nusu ya uzito wao mkavu ni protini. Anataka kuwauza mjini. Hapo ndipo sikukubaliana naye. Mji wa Malindi una Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, na humo nzige ni halali lakini funza wa namna hii si halali. Kuwasaga na kuwaficha ndani ya unga wa mahamri, kama alivyopendekeza rafiki yake mmoja, ni kuwadhulumu wateja. Nilimwambia aandike wazi kwenye pakiti, awauzie wanaokula kumbikumbi tayari, na wengine wauziwe kama chakula cha kuku.

"Kuku nao wananipa bei ndogo, kaka," akasema. Tukakaa kupiga hesabu ya pumba hadi bodaboda iliporudi.