LS3 ya Camaro: mtungi wa naitrasi au supachaja?

Mwenye Camaro SS ya 2010 hadi 2015, ile ya gia za mkono yenye injini ya LS3 ya lita 6.2 na nguvu za farasi 426, ajiulize kwanza anaitaka nguvu kwa sekunde ngapi. Ukienda uwanja wa dragi (mbio fupi za mstari mnyoofu) mara moja kwa mwezi, supachaja, pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, ni kupoteza hela. Ukitaka gari livute kila siku, mtungi utakuchosha kwa kuujaza.

Naitrasi, gesi ya mtungini inayopulizwa kwenye injini, inasingiziwa kuiua, lakini yenyewe haiwaki. Ikipata joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda inavunjika na kuachia oksijeni, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake. Hewa ya kawaida ina 23 tu. Oksijeni hiyo inadai petroli yake, na isipoipata pistoni inayeyuka. Jeti za seti (vitundu vinavyopima gesi na petroli) hupangwa kwa presha ya mtungi ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 900 hadi 1,000. Mtungi ukipoa hadi 700, petroli inazidi gesi na gari linakuwa zito, basi. Ukichemka kwenye buti juani hadi 1,200, gesi inazidi petroli, na hapo ndipo pistoni zinapokwenda. Funga geji ya presha na blanketi la umeme la kupashia mtungi. Anayeupasha kwa moto wa tochi anacheza na bomu.

Kwa dozi ya farasi 100, weka plagi za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa daraja moja, uwazi 0.9 mm, rudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma digrii 4, na funga swichi inayozuia gesi chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Ukipuliza chini ya hapo petroli inatuama kwenye manifoldi, ikiwaka inaipasua, nayo ni ya plastiki. Mtungi wa kilo 4.5 ulaze lebo ikitazama juu na valvu ikielekea mbele ya gari: bomba la ndani linafyonza chini kwa nyuma, ambako kimiminika hukimbilia gari likichomoka. Unatosha mbio sita au saba, kisha presha inaanguka.

Supachaja haihitaji kujazwa, lakini bei ya seti peke yake ni mara kadhaa ya naitrasi, na bado hujamlipa fundi. LS3 tayari ina mgandamizo mkubwa ndani ya silinda, 10.7 kwa 1, kwa hiyo kwa petroli ya kituoni ishia psi 6 au 7 za hewa ya supachaja, tena kwa woga zaidi California ambako petroli bora ya kawaida ni oktani 91 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo). Ongeza injekta, pampu ya petroli, intakula (kipoza hewa), na kutuni kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari). Ukikimbia mfululizo bila kuipumzisha, hewa inapanda joto, kompyuta inarudisha taimingi, na farasi ulionunua wanapungua.

Kitu kinachosahaulika ni puli ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Kwenye injini za familia ya LS puli hiyo haina ufunguo, yaani kipande cha chuma cha kuizuia isiteleze. Imebanwa kwa msuguano na bolti moja. Mkanda wa supachaja ukiivuta inaweza kuteleza. Toboa pale puli inapokutana na krenki, piga pini ya chuma, ndipo ufunge bolti mpya.

Kwa njia zote mbili, injini ya kiwandani usiipite kwa farasi 150 za ziada. Ncha za ringi za pistoni ziko karibu mno: zikitanuka kwa joto zinagusana, na pistoni ya kumimina (ya kiwandani, iliyomiminwa kwenye kalibu) inakatika kwenye mfereji wa ringi ya juu. Ukitaka zaidi, fungua injini kwanza, weka pistoni za kufuliwa, yaani zilizopondwa kwa nguvu badala ya kumiminwa.