Siku ya Karani

Duka lile la samaki lilikuwa karibu na gati, Lamu, na ripoti ya programu niliyowaandikia ilikataa kulingana na daftari la karani. Si kila siku. Jumatatu ilizidi kilo 40, Jumanne ikapungua kilo 40 zilezile, kisha zikapita siku tatu hesabu imenyooka. Kilo zinazopotea leo na kuonekana jana haziletwi na kosa la kujumlisha. Kosa liko kwenye tarehe. Daftari lilikuwa limeshaniambia. Mimi nikakimbilia msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Seva, kompyuta inayotunza rekodi, huhifadhi saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Basi nikaongeza 3 kwa mkono, tena ndani ya fomula iliyotumiwa pia na risiti, ambazo zilikuwa zimeshaongezewa. Asubuhi yake risiti zilitoka zikiwa saa 3 mbele ya saa ya ukutani. Wavuvi walicheka sana.

Nikarudisha msimbo wa zamani, nikatoa nakala ya data, nikaacha kubahatisha. Nilichukua rekodi 20 na karatasi yenye safu tatu: saa ya UTC, saa ya Lamu, ukurasa wa daftari. Boti iliyoingia saa nane usiku wa kuamkia Jumanne ilisomeka Jumatatu 23:00 kwenye seva. Data yenyewe ilikuwa safi, haikuhitaji kuguswa. Ripoti ndiyo iliyokata siku kwa saa za UTC. Nikabadilisha saa mahali pamoja tu, kabla ya kupanga kwa siku, nikitumia jina la ukanda wa saa, Africa/Nairobi, badala ya tarakimu 3 iliyotawanyika kila faili.

Tofauti ikapungua, haikwisha. Zilibaki boti za saa mbili, saa tatu, saa nne usiku. Hapo ndipo nilipomwuliza karani, jambo la kufanywa siku ya kwanza.

“Mwanangu,” akasema, “magharibi ikishaingia, Jumatatu iko wapi?”

Kwake usiku wa kuamkia Jumanne ni wa Jumanne, na ukurasa hugeuzwa jioni. Nami nilikuwa nimeandika neno “siku” kwenye msimbo bila kumwuliza mtu maana yake.

Siku zile zilizonyooka nazo zikaeleweka. Mbele ya duka maji ni haba, boti husubiri yajae. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa hizo seva na karani wanakubaliana. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, hadi boti zinaingia usiku na ugomvi unaanza upya. Hitilafu ifuatayo mwezi usiitafute kwa kuwasha na kuzima seva.

Magharibi yenyewe husogea, kwa hiyo tukakubaliana na mwenye duka: siku ya hesabu ianze 18:00 kamili, thamani moja yenye jina lake, iliyoandikwa mahali pamoja. Nikaongeza majaribio ya mipakani: 17:59, 18:00, 23:59, 00:00, 02:59, 03:00. Jaribio la saa sita mchana halina faida hapa, hupita hata msimbo ukiwa mbovu.

Majaribio yalipita, lakini sikutangaza. Nilingoja maji mafu, yale yasiyopanda sana, yanapojaa kama saa nne usiku. Boti tatu zikaingia, karani akapima, akaandika kwenye ukurasa wa kesho. Kilo 112 kwake, 112 kwangu.