Jinsi nilivyouelewa mng'ao wa baadaye wa milipuko ya gama

Nilisoma kwa muda mrefu kuhusu milipuko ya miale ya gama, yaani mimweko ya ghafla ya miale yenye nguvu kubwa itokayo mbali sana angani, bila kupata pa kuishika, kwa kuwa maelezo mengi huanzia kwenye mlipuko wenyewe, ambao mara nyingi huisha katika sekunde chache na hufuata mkondo wake peke yake. Mambo yalinifungukia nilipoanza na kinachobaki nyuma yake, yaani mng'ao wa baadaye, ambao hufifia kwa utaratibu unaopimika hata kwa penseli na rula.

Nilianza na mlipuko wa tarehe 28 Februari 1997, ambao setelaiti ya BeppoSAX iliunasa na, baada ya muda wa saa 8 hivi, ikakuta mahali palepale chanzo cha eksirei kinachofifia. Kundi la mwanaastronomia Jan van Paradijs likakiona pia kwa mwanga wa kawaida kupitia darubini iliyo kisiwani La Palma, Hispania. (Data za setelaiti hiyo zilipokelewa Malindi, jambo ambalo sisi watu wa Pwani tulistahili kufundishwa shuleni.)

Kilichonisaidia zaidi ni kuchora mwenyewe grafu ya mng'ao dhidi ya muda. Kwenye mihimili ya kawaida, mstari huporomoka kisha ukalala chini bila kusema kitu. Lakini mihimili yote miwili ikigawanywa kwa vipeo vya kumi, yaani 1, 10 na 100 zikiachana kwa nafasi sawa, nukta hujipanga karibu na mstari ulionyooka. Mteremko ukiwa 1.2, mng'ao hupungua takriban mara 16 kati ya saa ya kwanza na ya kumi, na mara 16 nyingine kati ya saa ya kumi na ya mia. Hapo nikaelewa kwamba maada iliyorushwa na mlipuko kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga inazidi kuzoa gesi iliyo mbele yake na kupungua mwendo, huku elektroni zikizunguka katika uga wa sumaku na kutoa mnururisho ambao kilele chake huteremka kutoka eksirei hadi redio.

Katika mlipuko wa tarehe 10 Mei 1999, mstari huo ulipinda na kuwa mkali zaidi baada ya siku moja hivi. Maada yenye kasi kubwa hivyo humulika mbele tu, kwa hiyo mwanzoni tunaona kipande kidogo chake. Inapopunguza mwendo kipande hicho hupanuka mpaka kufika kingoni, na zaidi ya hapo hakuna kitu cha kuongeza mwanga. Mpindo huo ndio ulionishawishi kwamba tunatazama mchirizi mwembamba wa maada, wala si tufe.

Kwa msingi huo sikutatizwa na tukio la tarehe 17 Agosti 2017, la nyota mbili za nyutroni (masalia yaliyoshindiliwa mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana, ambalo eksirei zake zilionekana baada ya siku 9 na kuongezeka kwa miezi mitano hivi kabla ya kushuka: mchirizi ulielekea kando yetu, na mwanga wake ulitufikia barabara pale tu ulipopungua mwendo na miale yake kutawanyika.