Mbolea ya SA ndani ya maabara

Kidato cha Pili tulikuwa na kanuni moja ya bondi, yaani namna atomi zinavyoshikana, na tuliikariri mpaka ikawa inatutoka usingizini: metali ikiungana na isiyo metali, hiyo ni bondi ya ioni, zisizo metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe, hiyo ni kovalenti. Sodiamu inampa klorini elektroni yake moja ya nje, basi chumvi ni ioni. Kaboni na hidrojeni zinachangia elektroni, basi kovalenti. Ukijua kwenye jedwali la elementi metali zinaishia wapi, mtihani umeumaliza.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, huko Iringa, na mwalimu wa kemia alituambia kila mmoja aje na kitu cheupe kutoka nyumbani. Wengi tulileta chumvi na sukari. Binti mmoja alikuja na vimfuko viwili vya mbolea kutoka stoo ya baba yake: kimoja cha urea, kingine cha SA. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, akavipokea kwa mikono miwili.

Vifaa vilikuwa betri za tochi, nyaya, glopu ndogo, na vijiti viwili vya kaboni alivyovichomoa kwenye betri zilizokufa. Tulianza na chumvi kavu. Kimya. Sukari kavu, kimya vilevile. Hapo ndipo alipotueleza kwamba ioni za chumvi kavu, yaani chembe zake zenye chaji, zimebanana kila moja mahali pake, haziwezi kusogea kubeba umeme. Ama uiyeyushe kwa moto, na hiyo inataka nyuzi 801 za Selsiasi, ama uitie kwenye maji. Moto wa namna hiyo hatukuwa nao. Maji ya mvua tulikuwa nayo tele, na yenyewe peke yake hayakuwasha glopu, tulihakikisha.

Chumvi ikiwa ndani ya maji, glopu iliwaka. Vipovu vikapanda kwenye vijiti, na waliokaa mbele wakasikia harufu ya klorini, ile ya dawa ya kung'arishia nguo. Maji ya sukari hayakufanya kitu: molekuli zake zinatawanyika zikiwa nzima, hazina chaji.

Urea nayo, isiyo na metali ndani yake, haikuwasha, kama kanuni ilivyotaka. Kisha mwalimu akaandika ubaoni fomula ya SA, yaani salfeti ya amonia: (NH4)2SO4. Nitrojeni, hidrojeni, salfa, oksijeni. Hakuna metali hata moja. Akatuuliza itakuwaje, darasa zima tukajibu kwa sauti moja: kovalenti, haiwaki.

Ikawaka, tena vizuri.

Mvulana mmoja wa nyuma akasimama. "Mwalimu, vijiti vina chumvi bado." Hoja ile naihusudu hadi leo. Mwalimu akamwita mbele avioshe mwenyewe, abadilishe maji, arudie urea kwanza, halafu SA. Urea: kimya. SA: mwanga.

Ndipo akachora mabano makubwa ubaoni. Ndani ya bano la kwanza, nitrojeni na hidrojeni zake nne zimeshikana kwa kuchangia elektroni, ila kundi zima limepungukiwa elektroni moja, kwa hiyo lina chaji chanya. Ndani ya bano la pili, salfa na oksijeni nne, nazo zinachangia, lakini kundi lina elektroni mbili za ziada. Makundi mawili ya amonia kwa moja la salfeti, chaji zinalingana. Ndani ya mabano kovalenti, kati ya bano na bano ioni. Vyote viwili katika punje moja ya mbolea.

Miaka iliyofuata nilikutana na vikorofi vingine. Kloridi ya alumini ina metali, lakini ikipashwa moto hugeuka mvuke kwenye nyuzi kama 180 tu, tabia ya kovalenti kabisa. Hata glopu si hakimu wa mwisho: gesi ya kloridi ya hidrojeni ni kovalenti, ila ukiitia majini inamenyuka na maji, ioni zinazaliwa palepale, na umeme unapita. Kanuni ya metali na isiyo metali bado naiona inafaa kumwanzishia mtoto, mradi mwalimu asiifiche SA.

Kengele ilipolia, binti akaulizia vimfuko vyake. Urea alirudishiwa. SA iliyobaki mwalimu aliiomba, akasema ana mahindi nyuma ya nyumba yameanza kuwa njano.